Udongo Uliokuja Juzi

Kwako Baba Asende, muzee wangu uliyebaki Swima,

Jambo. Jambo sana. Mimi niko muzima, ila magoti: yananibishia kila asubuhi, nami nayabishia, mwisho tunaamka pamoja. Weye je? Kifua? Ile dawa ya majani unakunywa ao unamwagia kuku? Nakujua. Na yale meno mawili ya mbele, ungali nayo? Usicheke, utayaangusha.

Kwanza sikia habari ya barua yenyewe. Niko naandika na mukono wangu. Darasa la tatu la misheni halikupotea. Furaha, mutoto wa binti yetu, aliniambia, "Koko, sema tu ndani ya simu, mi nitatuma." Nikamwambia hapana. Sauti ikifika Swima inasikiwa na nusu ya kijiji, na ile nusu ingine inaelezwa. Mambo haya ni ya mimi na weye.

Anayekuletea ni fundi mushonaji, muntu wa Kazimia, anarudi kwabo kuzika mama yake. Uso wake ni mwema, lakini uso ni uso. Nimefunga bahasha na uji wa mtama, nikaandika jina langu juu ya pale pa kufungia. Ukikuta jina limekatika, jua amesoma. Na weye fundi, kama uko nasoma hapa, haya, endelea, lakini ujue nimekuona.

Sasa tuingie. Nilisikia ile sauti yako. Furaha aliirudisha na kuirudisha mpaka akasema simu imechoka. Ulisema kilima kimekumaliza, kila siku kupanda na bidoni ya maji, mihogo imekuwa sawa vidole vya mutoto. Ukasema kapita, mukubwa wa kijiji, amekuhurumia. Anakupa parseli, kipande chake cha shamba la chini, karibu na ziwa, pale kamuto kalikuwa kanapita, nawe unamupa ya kilima, na nyumba yetu, na michikichi yetu. Maneno yako nayashika neno kwa neno: "Kale kamuto kamekufa, Mama Asende. Mvula kubwa ilileta udongo, kakajiziba kenyewe, kakafa. Sasa ni tambarare. Udongo mweusi, laini, wa kupaka juu ya mukate. Unafika kiuno, jembe haligusi jiwe. Bado neno lako tu."

Bado neno langu tu. Ee. Kwa sababu kile kilima si chako. Baba yangu alinipa mbele ya ndugu zangu bote, shefu wa zamani akasikia, na kapita anajua hawezi kukigusa mpaka mimi niseme ndiyo. Hata nikiwa mbali hivi, kinywa bado ninacho.

Nami nauliza. Kapita ni muntu wa kuona parseli nzuri mbele ya bantu bote. Leo parseli ya tambarare, karibu na ziwa, karibu na barabara, udongo wa kupaka juu ya mukate, anakupa weye muzee wa meno mawili, yeye abaki na kilima cha mawe? Muntu akikupa mnofu akashika mufupa, angalia mukono wake wa pili.

Tena, nani alikohoa? Uliposema "bado neno lako tu", nyuma yako kuna muntu alikohoa. Kikohozi cha dada yako nakijua, kinaanzia tumboni. Kile kilikuwa cha juu-juu, cha kike, cha muntu anayekumbusha mwenziwe asisahau jambo. Nitarudi kwa kikohozi.

Kaa chini kwanza. Nitakueleza kitu kilichonipata huku. Sipendi kukieleza, maana ndani yake mujinga ni mimi.

Huku Turkana kambi yetu ya bakimbizi iko kando ya muto usiokuwa na maji. Siku tulipofika niliuliza, muto iko wapi? Bakanionyesha muchanga. Muchanga mupana kuliko barabara yote ya muji wa Baraka, mbuzi zinapita, pikipiki zinapita, batoto banapiga mpira katikati. Wenyeji banaita laga. Nikasema moyoni, bantu hawa hawajaona muto. Muto ni maji. Hii kwetu ni barabara.

Lakini ule muchanga ulikuwa safi, na weye unajua nilivyo mbele ya muchanga safi.

Bachuuzi banatuletea samaki ndogo za ziwa la huku, ndugu wa ndakala zetu. Zinafika na unyevu ndani ya gunia, zimeanza kunuka. Bamama bengine banazianika juu ya turubai. Turubai linapata moto, samaki zinakuwa uji. Nikabaambia, mwanamuke wa Swima haaniki samaki juu ya nailoni. Tunazimwaga juu ya muchanga wenye moto, tunazigeuza na ufagio, tunapepeta na lungo, muchanga unaanguka, samaki inabaki inalia sawa majani makavu. Bakacheka. Nikatoa gunia la kwanza, kicheko kikaisha. Kambi nzima ikajua samaki ya Koko wa Swima. Nikawa na nafasi yangu katikati ya laga, nimeizungushia mawe, na mutoto akiikanyaga anajua.

Kuna mwanamuke wa hapa, jina lake Akiru. Banasema maana yake ni mvula. Yeye analeta makaa, mi nampa mtama, ndiyo kujuana kwetu. Murefu, mukavu, ushanga umejaa mpaka kidevuni. Haongei, anaangalia. Mi muntu anayeangalia simpendi. Siku moja nilikuta macho yake kwa lungo langu, nikalikalia.

Siku ninayokuambia, jua ilikuwa kali, mbingu safi, wingu hata la dawa hakuna. Nilikuwa nimemwaga magunia mawili, nimeshika ufagio. Akiru akaja na mbuzi kwa kamba, jike, lina mimba. Akasimama inje ya mawe yangu.

"Mama, toa samaki. Mto nakuja."

"Muto gani?"

"Hii."

"Hii ni barabara."

Akaelekeza na midomo kule mbali kwa milima. "Mvua napiga kule."

"Kule ni kule. Mvula iko wapi juu ya kichwa changu?"

"Mto hapana ngoja mvua ya kichwa yako."

Baba Asende, nikaweka mikono kiunoni. Unajua nikisimama vile. Nikamwambia, "Sikia, binti. Mi nimezaliwa maji yanapiga mulango wa mama yangu. Nimevuka mito na mutoto mugongoni na beseni kichwani. Weye uliyezaliwa ndani ya vumbi ndiye utanifundisha maji? Sema unataka samaki, nikupe kiganja kimoja, uende. Ao unataka hii nafasi? Mwizi weye."

Nilisema hivyo. Mwizi. Bantu balisikia.

Akiru aliangalia mbuzi yake. Mbuzi ilikuwa imesimamisha masikio.

Ndipo nikasikia harufu ya vumbi lililolowa, na mvula hakuna. Kisha sauti, sawa lori lililojaa linapanda kwenda Misisi, lakini lori halionekani. Kisha nikaona. Maji hayakuja sawa maji. Yalikuja sawa muntu anatandika mukeka. Mbele ya ule mukeka, muchanga mukavu. Nyuma yake, muto muzima. Ukingo wake umebeba miti, mavi ya ngamia, kambambili za bantu, bidoni, na povu rangi ya chai ya maziwa. Na juu jua inawaka, haijui kitu!

Nilifanya nini? Nilikimbilia samaki. Ndiyo. Kasimulie bazee benzako, bacheke. Niliinama nazizoa ndani ya kikwembe, kitenge nilichojifunga, na maji yakanipata nimeinama.

Si maji ya kuogelea. Ni udongo unaotembea. Mguu ukiingia hautoki, sawa mwiko ndani ya bugali. Nilikwenda chini mara moja, nikameza, nikatoka, nikawaza, kumbe nitakufia barabarani. Kisha kitu kikanikamata nguo mugongoni, kikanivuta sawa gunia. Ni Akiru. Alinikamata na mikono miwili. Kwa hiyo kamba aliiachilia. Niliiona ile mbuzi. Iligeuza kichwa mara moja, kisha nikaona povu tu.

Tulikaa juu ya ukingo. Nikatapika matope. Nikasema, "Mbuzi yako."

Akasema, "Mto nachukua."

Kisha akanitazama mpaka ndani, akanyoosha kidole kwa maji. "Mwizi ni yeye."

Akacheka! Mwanamuke asiyeongea, siku ile akacheka. Mi nililia, lakini uso ulikuwa matope matupu, hakuna aliyejua.

Siku ya tatu muto ulikuwa umekwisha. Pale pa muchanga wangu palikuwa na udongo mweusi, laini, umepasuka vipande vipande sawa masahani. Muzuri! Niliuvunja, nikaunusa, nikawaza mihogo. Jioni ile Furaha akaniletea sauti yako. Nikakusikia unasema "udongo wa kupaka juu ya mukate", na huo udongo uko ndani ya kucha zangu.

Kesho yake nikaenda kwa Akiru. Sikwenda mikono mitupu. Nilibeba kile kikwembe cha ndege bekundu, kile ulichoninunulia kule Baraka siku ya ubatizo wa Asende. Usifungue kinywa. Najua kikwembe hakilingani na mbuzi yenye mimba. Mbuzi sikuwa nayo.

Nilimukuta katikati ya laga, ndani ya shimo, naona kichwa tu. Anachimba maji ya kunywa. Nikamwambia, "Muto umekufa, unatafuta nini ndani ya maiti?"

Akapumzisha jembe. Akasema, "Mama, mto hapana kufa. Mto natembea. Kama ng'ombe. Nakwenda kula, narudi. Boma tupu iko na mwenyewe."

Boma ni lupango lwa ng'ombe. Alisema vile sawa muntu anayesema leo ni soko, akarudi kuchimba.

Kisha akanivuta mukono nishuke niangalie ukuta wa shimo. Muchanga. Chini yake udongo mweusi. Tena muchanga. Tena mustari wa vijiti na majani. Tena udongo. Vimepangwa sawa vikwembe ndani ya sanduku la bibi-harusi. Akawa anagusa kila mustari na kidole: "Hii mto. Hii mto. Hii mto." Nikauliza wetu iko wapi, ule wa mbuzi. Akagusa juu kabisa. Baba Asende, ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Maji yaliyotaka kuniua, yaliyobeba mbuzi na magunia mawili na kambambili zangu, yameacha kitu cha upana wa ukucha.

Chini zaidi kulikuwa na mustari munene sawa mukono, toka kiganja mpaka kiwiko. Nikauliza, na huu ulichukua nini? Akasema, "Huyo mimi hapana zaliwa."

Na weye uliniambia, na furaha kinywani, kwamba udongo wa kale kamuto unafika kiuno.

Kiuno! Kwa mvula moja!

Sasa umeelewa kwa nini naandika. Kosa langu ndilo kosa lako. Sisi bantu ba ziwa tunajua maji tukiyaona. Tusipoyaona tunasema yamekufa. Kiangazi chote tunasema kamuto kamekufa, na bamama banaanika mihogo mule. Mi nilishuku muntu, sikushuku muchanga. Nilishuku aliyekuja kuniokoa, kwa sababu aliangalia lungo. Toka siku ile nashuku vyote viwili, muntu na udongo wake, na kapita anavyo vyote viwili.

Kamuto kako hakakufa. Kamejaza kinywa tu. Muntu mwenye kinywa kimejaa hajafa, anatafuna. Panda uangalie kule juu, nyuma ya mashamba. Nani amekata miti ya makaa mpaka kilima kikabaki uchi? Udongo unaoutamani ulitoka kule, na ulioko kule bado unangoja njia.

Jibu langu ni hapana. Umesikia? Hapana. Peleka neno hilo kwa kapita kama lilivyo, usilitie sukari.

Lakini weye ni muntu wa kichwa kigumu, najua utasema Mama Asende amezeeka, jua la Turkana limemupiga. Basi usiniamini. Chukua jembe, nenda pale kapita alikuonyesha utaweka kitanda chako. Chimba mpaka kifua. Ita kapita aje kuona, na bazee babili ba kanisa. Akikataa shimo lisichimbwe, shimo limekwisha kujibu. Akikubali, ingia, angalia ukuta, gusa na kidole: hii muto, hii muto. Ukikosa mistari, ukikuta udongo mumoja mwekundu toka juu mpaka chini sawa ule wa kilima, nitumie sauti, nitaomba msamaha mbele ya kijiji chote. Kisha muulize jambo moja tu: kama ni pazuri, mbuzi zake zinalala wapi?

Na kuna kitu hukutaja. Nilisikiliza sauti yako mara nyingi nikikingoja, hakikuja. Mutoto wetu mudogo, yule tuliyemuzika nyuma ya jikoni, chini ya muchikichi. Kapita atapanda mihogo juu yake? Ao ulitaka kumupa pamoja na nyumba? Sitaki jibu. Nataka uwaze.

Kilima kimekuchosha, nakubali. Mimi sikulaumu kwa kuchoka. Lakini mvula inapiga bati lako usiku na mchana, maji yanashuka mbele ya pua yako, yanakwenda chini, kisha asubuhi unayafuata na bidoni. Huo ni uzee ao ni uvivu wa kichwa? Mwambie Asende atoke ndani ya shimo la dhahabu kule Misisi, dhahabu haitakimbia, aje akufungie mufereji chini ya bati na pipa moja. Akisema hana nafasi, mwambie mama yake anauliza ni nani alimubeba mugongoni kuvuka mito.

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha udongo wa huku, nimekifunga na karatasi ya sabuni. Si uchawi. Fundi, weye pia usiogope. Baba Asende, kiweke ndani ya kiganja. Kipige na ukucha, kinalia sawa sahani, sivyo? Muntu angesema ni kigumu. Sasa mwagia maji kidogo na uanze Baba Yetu, pole pole, sawa kanisani. Mimi nilijaribu. Sikufika kwa "mukate wetu wa kila siku". Kabla ya mukate kilikuwa kimetoka katikati ya vidole.

Nisalimie dada yako mwenye kikohozi cha tumbo. Nisalimie shemeji muvuvi, mwambie ndakala za huku hazifiki kwa za kwetu, asiseme kwamba mi ndiye nilisema. Nisalimie muzee wa kanisa anayepiga ngoma, na mama yule jirani wa chini anayenikopeshaga lungo, lungo lake nitalikopa tena nikirudi, langu lilikwenda na maji. Pita nyuma ya jikoni, kwa muchikichi, useme jambo kwa niaba yangu, na ung'oe majani. Binti yetu anakusalimu, Furaha anakusalimu, anasema babu asijibu kwa simu kukiwa na bantu.

Na yule aliyekohoa, musalimie pia. Mwambie achemshe muchaichai, anywe kwake, ndani ya nyumba yake.

Nikirudi, nitashuka kwa barabara na kupanda moja kwa moja juu, siulizi njia, mulango naujua. Ukiwa umehamia chini, utaniona napita.

Mimi mwenye kilima,
Mama Asende